Nafasi ya Maimuna

Nilipewa habari baada ya mazishi, kama wanavyopewa watu wasio wa damu. Bi Mwanakombo alifariki alfajiri, adhuhuri wakawa wamekwisha mzika kwao Mtongwe, na mimi muda wote huo nilikuwa kazini nakula ndizi mbele ya kompyuta, sina habari. Simu ikaja alasiri. "Dada Saumu? Mimi Salim, mwanawe Bi Mwanakombo. Mama ametutangulia." Nikasema inna lillahi. Kisha akasema, "Amekuachia neno. Si la kwenye simu. Tukimaliza hitima nitakuja hapo kliniki." Nikamwambia karibu. Nikaweka simu chini, nikalitazama dirisha la kuandikisha wagonjwa, pale alipozoea kuegemeza kiwiko, nikalia kwa sauti mpaka muuguzi wa zamu akaja mbio kuniuliza nani amekufa. Mama? La. Shangazi? La. "Mteja," nikasema. Mteja! Ulimi nao una siku zake za kukutia aibu.

Kazi hii ya kutunza kompyuta za kliniki hapa Likoni nimeifanya tangu nikiwa msichana. Niliolewa katikati, nikaachika katikati, na hayo si ya sura hii. Sura hii ni ya ule mwaka wa kwanza, mwaka ambao simu za kupiga picha zilikuwa bado za wachache, nami nilikuwa mgeni, sijui mtu. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo uani. Nilikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mafuta ya taa, na ukuta uliokuwa ukipukutika chokaa juu ya mto wangu. Nyuma ya ukuta huo aliishi mke na mume. Yule mke alikuwa muuza samaki, na kila jioni alimhadithia mumewe habari za kutwa: nani kagombana na nani, changu zilikuwa ndogo, fulani kaposwa. Mume kazi yake ilikuwa kuitikia "ehe". Akisahau kuitikia, mke hunyamaza, na hadithi hukatika. Ikafika mahali nami nikawa naitikia "ehe" kule kwangu, polepole wasinisikie, nikila mahamri yangu na mbaazi kitandani. Ukifika kuitikia hadithi za watu kupitia ukutani, ujue upweke umekwisha kukuzoea.

Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi nyeupe, na kazi yangu ilikuwa dirishani. Mgonjwa mpya akija, namuuliza jina, mtaa, umri, halafu nampiga picha kwa kamera ndogo iliyobandikwa juu ya kompyuta. Picha zilianza kwa sababu ya ujanja wetu wenyewe. Makampuni yalikuwa yakiwalipia wafanyakazi wao matibabu kwa kadi, na watu wa Likoni ni watu wa kusaidiana: kadi ya mmoja ilitibu ukoo mzima. Leo Juma ana umri wa miaka arobaini na baridi yabisi, kesho Juma ana mimba. Ndipo msimamizi wetu, Bwana Mwadime, akanunua kamera, na kila uso ukaingia kwenye sistimu, ulipiwe na kampuni usilipiwe.

Maimuna alikuja katika wiki yangu ya kwanza. Binti wa miaka kumi na saba, baibui na mtandio wa samawati, kikohozi kimemkamata kifuani. Nami nilikuwa sijaizoea kamera, nikamwambia, "Tazama hapa, usicheke." Sasa mtu wa Pwani ukimwambia asicheke umemchekesha. Alicheka mpaka mwanya ukaonekana, kichwa kikaenda upande, na kamera ikamkamata hivyo hivyo, bega moja liko nje ya picha. Ilitakiwa nirudie. Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni na mtoto wa watu analia, nikaiacha. Akaniambia, "Dada, hii ikitoka mbaya nitakudai nyingine." Kile kifua kikawa kibaya zaidi ya tulivyodhani, akavushwa kwa feri ng'ambo, hospitali kubwa ya kisiwani, na hakurudi. Mimi nilipata habari kwenye foleni, kwa wanawake wawili waliokuwa wakizungumza kana kwamba dirisha lile halina mtu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, mama mmoja mwembamba mwenye kanga mbili akasimama mbele yangu, hana foleni wala kadi.

"Subalkheri, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe upigao watu picha?"

"Ndimi, bibi."

"Basi mwanangu unaye humo. Maimuna binti Athmani. Nifungulie nimuone."

Nikamuomba kadi, kwa mazoea. Akanitazama. "Kadi ya nini? Haumwi tena." Ndipo nikafahamu nasema na nani. Nikaandika jina, uso ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, nikakigeuza kioo upande wake. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Hakulia. "Acheka," akasema. "Acheka nini huyu?" Nikamwambia nilimkataza. "Ahaa! Ndiye huyo. Umwambie kaa, asimama." Akacheka yeye mwenyewe, mwanya ule ule, akakitazama kioo mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa. "Shukran. Nitakuja tena, inshallah."

Akaja tena. Alichagua Jumatano, siku ambayo watu ni wachache, na kila akija alikuwa na kitu ndani ya kitambaa: kaimati, vibibi, kipande cha mkate wa sinia. "Mkono mtupu haulambwi," huniambia akinipitishia dirishani. Maimuna alikuwa hajafikia umri wa kuchukua kitambulisho, na kwao hawapigi picha, kwa hiyo uso ule uliokuwa kwenye kompyuta yangu ndio pekee duniani. Siku moja nikajitia ujuzi. Nikamwambia, "Bibi, mbona nisikutolee kwenye karatasi, ukae naye nyumbani?" Alirudi nyuma kana kwamba nimemwagia maji ya moto.

"Hapana, Saumu. Nyumba yenye picha ya mtu malaika wa rehema hawaingii. Nami ndani ya nyumba ile ndimo namuombeamo dua. Nikiwafungia malaika mlango, nani atamchukulia dua yangu?"

"Na hapa kliniki je? Hapa malaika hawatatukimbia?"

"Hapa huja mmoja tu, mwanangu," akasema, "na huyo hazuiliwi na picha."

Foleni nzima ikacheka, hata mgonjwa wa meno. Mimi pia nilicheka, lakini lile neno lilinikaa. Mpaka leo sijamsikia shehe aliyelieleza jambo lile vizuri zaidi. Yule mama alimtaka mwanawe kwa njia mbili, na njia hizo haziwezi kukaa nyumba moja: dua ikae Mtongwe, uso ukae kwangu. Mimi nikawa mlinzi wa ule uso. Na niseme kweli, niliufungua hata siku zisizokuwa Jumatano. Saa ya chakula, wenzangu wakienda kula kwa makundi yao, mimi hufungua jina lile, nikatafuna huku nikimtazama, na mara nyingine nikamhadithia habari za mke wa muuza samaki, hapana, yeye ndiye alikuwa muuza samaki, za mume asiyeitikia. Mwaka ule nilikuwa na rafiki mmoja Likoni, naye ni marehemu.

Sasa nieleze habari ya faili, maana bila hiyo hakuna hadithi. Kila kitu cha kliniki kilikuwa ndani ya faili moja: majina, magonjwa, dawa, na zile picha. Fundi Karisa wa Changamwe, aliyetufungia ile sistimu, alikuwa amenionya tangu mwanzo: "Dada, hili faili lina mpaka. Mwisho wake gigabaiti mbili. Likifika hapo halitapokea hata jina la mtoto mchanga." Wakati huo lilikuwa dogo, nikaitikia tu. Kumbe ile kamera tuliiacha ipige picha kubwa kubwa, kama za harusi, na kila uso ulioingia ulilinenepesha. Haba na haba hujaza kibaba. Nikaanza kulipima kila asubuhi, kama watoto walivyopimwa kwenye mizani chumba cha pili, tofauti ni kwamba wale mama zao huomba waongezeke na mimi nilikuwa naomba lisiongezeke. Likaongezeka. Nikamwambia Bwana Mwadime. Akasema tutaliangalia. Nikamwambia tena. Akasema, "Saumu, si nimesema tutaliangalia?"

Likajaa asubuhi ya msimu wa mvua, homa zimepamba moto, watu wamekaa mpaka barazani. Nikaandika jina la mgonjwa, nikabonyeza, sistimu ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nje mama mmoja ana pacha, mmoja mgongoni na mmoja begani, wote wanaungua, ananiambia, "Mwanangu, niandike basi." Simuandiki kwa nini, nimwambieje? Kwamba ndani hamna nafasi? Bwana Mwadime akaja akipangusa miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Futa," akasema. "Futa nani?" "Yeyote! Anza na waliojirudia." Nikafuta waliojirudia, nikafuta majaribio yetu ya zamani, mtu asiyekuwapo, fulani bin fulani. Nikafuta mpaka kidole kikauma. Nikalipima faili. Lilikuwa vile vile, halikupungua hata chembe. Wallahi nilidhani nimepata wazimu.

Nikampigia Karisa. Alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza.

"Ulidhani nini? Ukimfuta mtu, yeye huondoka, nafasi yake hubaki humo humo, tupu. Faili halirudi nyuma lenyewe, dada. Mpaka ulibane."

"Nikilibana?"

"Ndipo zile nafasi tupu hukandamizwa zikaondoka. Kuna amri yake, nitakwambia. Lakini usijidanganye, hiyo ni kupumua tu. Litajaa tena."

Akanielekeza, nikalibana, likapungua kidogo, yule mama wa pacha akaandikwa. Lakini jioni Bwana Mwadime akaniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amefikiri. "Humu ndani kuna watu wangapi waliokufa?" Nikamwambia sijui, ni wengi. "Na wao wana picha?" Nikamwambia wana. Akasema, "Hii ni kliniki, si makaburi. Jumatatu wafu wote wawe wametoka, kisha ulibane hilo faili lako." Nilitaka kumbishia, nikakumbuka wale pacha walivyokuwa wakiungua. Kwa upande wake alikuwa na haki. Mlangoni alisimama aliye hai.

Nikaenda chumbani, nikakaa kitandani. Nyuma ya ukuta yule mke anahadithia, mume anaitikia. Nami nikajiambia ukweli wangu: sikumuonea huruma Bi Mwanakombo peke yake. Nilijionea huruma mimi. Maimuna akifutwa, mama yake atakuja Jumatano kufanya nini? Na asipokuja, ni nani katika mji ule atakayeniita "mwanangu"? Nikaona nimuendee kabla ya Jumatatu, nimsihi akubali ile karatasi. Ataifunga kwenye kitambaa, ataiweka kwa jirani, kwa Mkristo, popote pasipo malaika wake.

Nilifika Mtongwe mchana wa Jumamosi, nikapiga hodi wakati sinia limekwisha tandikwa. Huko ukifika chakula kiko chini hutoki, hata uape umeshiba. "Ndoo, ndoo, keti," Bi Mwanakombo akanivuta mkono. Nyumba ilikuwa safi, kuta tupu kabisa, hapana hata kalenda. Walikuwapo mkaza mwana wake na dada yake, na kutoka jikoni niliwasikia wakinong'ona, si kwa kunong'ona kwa kweli.

"Ndiye huyu wa presha?"

"Ndiye. Kila Jumatano humpima."

"Mashallah. Na mama akitoka huko uso wamkunjuka. Dawa zao nzuri."

Nikamtazama Bi Mwanakombo. Akanikonyeza, mtu mzima yule! Kumbe kwake amesema anakwenda kupimwa presha. Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, wanawake wanne kwenye sinia moja, na yeye akawa ananisukumia minofu upande wangu kwa ncha za vidole. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mkono wangu kukutana na mkono wa mtu mwingine kwenye chakula. Nikapangusa macho kwa mkono wa kushoto. Dada yake akasema pilipili imemzidi mgeni, mpeni maji.

Tulipobaki wawili nikamueleza yote: faili, mpaka, Jumatatu. Nikamuomba aikubali karatasi. Akasikiliza, akiokota punje za wali kwenye mkeka, moja moja, akiziweka kiganjani. "Saumu," akasema, "karatasi usinipe. Nimekwisha kwambia." Nikamuuliza basi tufanyeje. "Ukiambiwa umtoe, mtoe. Mwenye kutoa ni Mungu, mimi nimekwisha tolewa mwana mara moja, sitakufa kwa mara ya pili." Zile punje akazikunjia kiganjani. "Lakini nipe siku moja nije nimuage. Ile ya kwanza sikuwahi. Walipovuka naye ng'ambo, mimi nilikuwa nimerudi kumtafutia nguo."

Nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe kando ya njia nikampigia Karisa, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nadhani ndiyo maana safari hii hakucheka. Nikamwambia sitaki kumfuta mtu.

"Kwani nani aliyekwambia vyote lazima vikae faili moja?"

"Wewe! Umetufungia moja."

"Moja lilitosha wakati ule. Fungua la pili. Picha zote zihamie huko, lile la kwanza libaki na majina na magonjwa. Halafu unayaunganisha, mtu dirishani hataona tofauti. Hilo la pili nalo lina mpaka wake, utalipima. Na hiyo kamera yenu, dada, ipunguzeni. Wagonjwa si maharusi."

Jumapili kliniki ilikuwa imefungwa ila chumba cha dharura. Nikaingia asubuhi na chupa ya chai, nikatoa nakala ya kila kitu kwanza, kama Karisa alivyonisisitiza, nikafungua faili la pili, nikaanza kuzihamisha picha. Zilihama polepole. Nilipomaliza nikaandika jina la kwanza lililonijia, na mahali pa uso pakatokea kisanduku cheupe. Nikaandika Maimuna. Kisanduku cheupe. Jasho likanitoka na feni inazunguka. Nilikuwa nimeyatenga mafaili lakini sijayaunganisha sawasawa, majina yalikuwa yakizitafuta picha kule kule zilikotoka. Nikarudia hatua moja moja. Nikaandika tena: Maimuna binti Athmani. Akatokea. Kichwa upande, mwanya nje, anacheka kana kwamba alikuwa amejificha makusudi. Nikamwambia, "Utaniua wewe." Nikalibana lile faili la kwanza, likasinyaa mpaka nikadhani nimepoteza kitu.

Jumatatu Bwana Mwadime akaniuliza, "Wafu wametoka?"

"Wamehama, bwana." Nikamuonyesha: faili la majina jepesi, faili la picha kando, wagonjwa wanaandikwa bila kukwama. Akatazama muda. "Na hao waliohama, wanakula nafasi ya wagonjwa?"

"Wanakula nafasi yao wenyewe."

Akavua miwani, akacheka kwa pua. "Wafu wako na wewe, Saumu. Mradi foleni isinikwamie." Mambo yakaisha hapo. Alistaafu miaka ile ile, na alikuwa akinisalimia barabarani, "Hawajambo wafu?"

Jumatano Bi Mwanakombo akaja kuaga. Alikuwa amejifukiza udi, baibui mpya, asumini kifuani, amejipamba kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Hakuleta kaimati. Mikono yote miwili akaiweka dirishani. "Nifungulie," akasema, na sauti haikuwa yake. Nikafungua. Akamtazama, akaanza kusoma Fatiha, nikamkatiza, Mungu anisamehe, sikuweza kungoja. "Bibi, haondoki. Nimemhamisha chumba tu." Akanitazama, akamtazama mwanawe, akanitazama tena. "Ana chumba chake?" Nikamwambia anacho. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalia mpaka muuguzi akamletea kiti na kile kipimo cha presha, akamvika mkononi. Tulicheka na kulia pamoja, mimi ndani na yeye nje. Presha ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Aliendelea kuja Jumatano kwa miaka, mpaka magoti yakamkataa. Mimi nikawa naenda kwake sikukuu na siku za Jumamosi, na picha sikuthubutu kuipeleka hata ndani ya simu. Siku hizi za mwisho alikuwa akimtuma mtu yeyote ajaye kliniki: "Mwambie Saumu anisalimie mwanangu." Nami huingia, nikamfungua, nikamwambia, "Mama akusalimu." Sistimu zimebadilika, mipaka imekuwa mipana, mashine ya sasa ingeweza kulimeza lile faili letu la kwanza isijue imekula nini. Kila tulipohama nilimhamisha kwa mkono wangu. Vijana wanaonisaidia wanajua kwamba faili la picha za zamani haliguswi na mtu ila mimi.

Salim alikuja Jumatatu baada ya hitima. Ndevu zimekuwa nyeupe. Nikamuingiza ndani, nikampa kiti. Akatazama huku na huku, akasema, "Sisi tulidhani ana presha, dada. Nyumba nzima tuliacha chumvi." Nikamwambia hakuwa nayo hata siku moja. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha akalitoa lile neno kwa utaratibu, kama mtu aliyelihifadhi.

"Alisema: nikifa, mwambieni Saumu amfute Maimuna. Nimemtazama kwa kioo vya kutosha, sasa namuendea mwenyewe. Asimuache humo peke yake."

"Kaka Salim," nikasema, "faili lina nafasi tele. Hamdhuru mtu." Akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Hayuko peke yake. Mimi nipo." Na hapo nikasikia nilichokisema, na yeye akakisikia, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Wasia, dada," akasema taratibu. Nikaandika jina. Nikakigeuza kioo upande wake bila kumuuliza. Akasogea, kama mama yake, mpaka pumzi ikatia ukungu.

"Acheka," akasema. "Nilikuwa nimeusahau ule mwanya."

Akamtazama mpaka akatosheka, akapangusa kioo kwa mkono wa kanzu, akaniashiria kwa kichwa. Nikabonyeza. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Sina, nikaiambia moyoni, nikabonyeza ndiyo. Mahali pa uso pakabaki kile kisanduku cheupe. Salim akasema Mungu akulipe, dada, akanipa mkono, akaenda zake.

Nikalipima faili, kwa mazoea tu. Ukubwa ulikuwa ule ule: yeye ameondoka, nafasi yake bado imo. Jumapili ndiyo siku yangu ya kuyabana mafaili, na ilipofika niliyabana yote, moja baada ya jingine, kama kawaida. La picha nikaliruka.